Magoti ya Perpetua na Dawa ya Mafuta

Mtu akikuambia yuko sawa, usimwamini mpaka umemwona akisimama. Hilo ndilo ningewaambia nyinyi mnaosomea kazi ya dawa katika vyuo vya Thika kama mngenialika kuzungumza, lakini hamjanialika, kwa hivyo naandika. Nimestaafu. Nina kuku na ploti ndogo huku Theta, na mdomo wangu haujazoea kukaa bure.

Nilisimama nyuma ya kaunta ya kemisti karibu maisha yangu yote ya utu uzima, kwanza Thika, baadaye Ruiru, pale karibu na steji ya matatu. Jina langu ni Agnes, lakini ni wateja wachache sana waliowahi kuniita hivyo. Huku kwetu yeyote anayeonekana mbele ya rafu za dawa ni daktari, hata kama amekuja tu kupanguza vumbi. Mwanzoni nilikuwa nikiwarekebisha. Wakaniambia, "Sawa, Daktari," nikaachana na hayo mambo.

Aliyenifundisha kazi ni mfamasia mmoja wa Thika, Bwana Mutua, mtu wa sauti ya chini na hasira ya karibu. Kulikuwa na swali moja alilolichukia kabisa: dawa zinakusumbua? Siku aliyonisikia nikimuuliza mama mmoja hivyo, alingoja mama atoke, akasema, "Agnes, huyo umemsalimia. Hujamuuliza kitu."

Alisema kweli. Sisi ukituuliza habari, tunajibu nzuri. Mtu amelala hospitalini na mguu umening'inizwa juu, ukimjulia hali atakwambia yuko sawa tu, anashukuru Mungu. Ni adabu, na adabu hiyo imenisumbua kazini kuliko mwandiko wa madaktari. Kwa hivyo Bwana Mutua alikuwa anauliza mambo mengine. "Nyumbani choo ni cha kukaa ama cha kuchuchumaa? Ukimaliza, unainuka vipi? Unashika ukuta?" Aliwauliza hivyo wazee wa kanisa na wake zao, kwa sauti ile ile ambayo mtu huulizia bei ya sukari. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Lakini wao walimjibu, na walimjibu ukweli, kwa sababu ukutani hakuna adabu ya kulinda. Unaushika au huushiki.

Sasa niwaambie kuhusu dawa ya mafuta, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike. Nyinyi mnaiita statini na mnajua inafanya nini kwenye ini. Wateja wangu waliiita dawa ya mafuta ya damu, au dawa ya kolesteroli, na wengi wao walikuwa na elimu yao wenyewe juu yake. Nilipoanza kazi ilikuwa dawa ya watu wachache. Siku hizi hakuna nyumba ya wazee kati ya Ruiru na Gatuanyaga ambayo haina pakiti yake, imekaa hapo karibu na sukari na majani chai.

Kuna mfugaji mmoja wa mbuzi wa Gatuanyaga, nitamwita Mzee Kimani, ambaye pakiti yake haikuwa ikiisha. Watu wengine wanakuja kila mwezi, yeye anakuja akipenda. Nikamuuliza anaimeza lini. Akanitazama kama mtu anayeeleza jambo la wazi. "Jumamosi. Nikienda kula nyama choma."

Kwake yeye dawa ile ilikuwa sabuni. Mafuta yanaingia, dawa inaosha, mambo yameisha. Siku ya sukuma wiki haoni sababu ya kuipoteza bure. Nilimweleza kwamba mafuta mengi huyapika mwili wenyewe, ini lake linafanya kazi hiyo hata siku ya sukuma wiki, na kwamba dawa ni ya kila siku. Aliondoka amekasirika, hasa na ini.

Aliporudi alikuwa amegeuka mtu mwingine. Mtoto wa jirani alikuwa amemsomea kwenye simu madhara yote ya ile dawa, kutoka juu mpaka chini. Sasa kila kitu kilikuwa dawa. Bega linauma, ni dawa. Nywele zinatoka, ni dawa. Mbuzi wake mmoja alikuwa ameharibu mimba, na naapa alisita kidogo hapo, akawa anapima kama anaweza kunitajia na hiyo. Nilimuuliza ni bega lipi. La kulia. Na maji anabeba kwa mkono upi? Wa kulia. Nikamwambia dawa ikishaingia kwenye damu haijui kulia wala kushoto. Ikikushika, inakushika mapaja yote mawili, au mabega yote mawili, na mara nyingi ni udhaifu na uchungu wa ndani ya nyama, sehemu zile kubwa za mwili. Goti moja, bega moja, kidole kimoja, anza kwanza kutafuta kazi gani unafanya nacho. Hiyo si sheria ya kumpimia mtu ugonjwa, lakini ni mwanzo mzuri wa mazungumzo. Mzee Kimani alibadilisha mkono wa kubebea maji, bega likapoa, na dawa akaendelea nayo. Bado yuko hai, bado ni mbishi, na nywele hazijarudi.

Nawachekesha ili mjue kwamba malalamiko mengi yana dawa ndogo. Unabadilisha saa ya kumeza, daktari anapunguza kipimo, au anampa mtu ya aina nyingine ambayo mwili wake utaipokea. Wengi hawapati shida yoyote. Ubaya uko kwa yule asiyelalamika, na huyo kwangu alikuwa Perpetua.

Perpetua ni jirani yangu hapa Theta. Ni mjane, mkulima, na kwaya yetu ya parokia inamtegemea kwa sauti ya kwanza. Tuko jumuiya moja. Kabla sijastaafu alipata kiharusi kidogo. Mdomo ulivutwa upande mmoja, maneno yakawa yanamtoka yamelegea. Mdomo ulirudi, sauti ikarudi, na tangu hapo hofu yake kubwa hapa duniani ni mdomo huo kwenda tena. Hospitali ilimwandikia dawa ya presha na dawa ya mafuta. Perpetua alizimeza kila siku kwa uaminifu ambao ningetamani Mzee Kimani auone.

Kwaresima moja, si zamani, tulikuwa tukifanya Njia ya Msalaba kila Ijumaa. Kama wewe si Mkatoliki, nikueleze: tunazunguka kanisa kutoka kituo kimoja cha mateso ya Yesu hadi kingine, na kwenye kila kituo tunapiga magoti, tunasali, tunainuka, tunasonga. Watu wa umri wetu magoti yanalia kama milango. Lakini Perpetua Kwaresima hiyo alikuwa akifika kituoni, anapiga magoti, na sisi tukiinuka yeye anabaki chini. Ameinamisha kichwa. Ameshika benchi. Tunasonga mbele na kumwacha hapo, kisha baadaye anatufikia polepole.

Wanawake wa parokia waliona. Mmoja akanong'ona kwamba Perpetua amepata neema. Ijumaa iliyofuata tayari kuna waliokuwa wakimngoja nje. "Perpetua, ukiwa hapo chini unikumbukie kijana wangu, anatafuta kazi." Mwingine alikuwa na kesi ya shamba, mwingine mume. Nikiri kwamba nilimwonea wivu kidogo, mimi ambaye kwenye sala ndefu huwa natazama saa ya ukutani.

Halafu ilifika Ijumaa ambayo nilikuwa nyuma yake kabisa. Tulikuwa kwenye kituo cha Yesu kuanguka mara ya pili. Tuliinuka, yeye akabaki, na kwa mazoea ya kazi macho yangu yakaenda kwenye mikono yake. Mtu aliyezama katika sala mikono yake imetulia. Ya Perpetua ilikuwa inafanya kazi. Wa kushoto ulisukuma pa kukalia pa benchi, wa kulia ulipanda mgongo wake, ukajikaza mpaka vifundo vya vidole vikabadilika rangi. Kiuno kiliinuka kidogo. Kikarudi chini. Akangoja, akajaribu tena, kikarudi chini. Ndipo akainamisha kichwa, na kila aliyemwona akajua kwamba anasali.

Sikusonga na wengine. Nilichuchumaa karibu naye.

"Perpetua, inuka twende."

"Tangulia, Daktari. Bado naongea na Mungu."

"Naona. Mwambie akungojee kidogo nikushike mkono."

Alicheka, halafu kicheko kikageuka kuwa kilio, kimya kimya, bila kuinua kichwa. Nilimpitishia mkono chini ya kwapa, nikamwinua. Uzito wote ulikuja kwangu. Perpetua si mwanamke mkubwa, na miguu yake ilikuwa haimsaidii hata kidogo.

Nilimpeleka kwake, tukafunga mlango. Nilimuuliza ya Bwana Mutua yote. Chooni anainuka vipi? Ameweka kamba kwenye mlango, anajivuta nayo. Kitandani? Anajiviringisha mpaka ukingoni, kwanza. Nywele anachana vipi? Hapo aliangalia pembeni. Alikuwa amevaa kitambaa siku zote hizo kwa sababu mikono haikuwa inafika juu na kukaa.

"Mapaja yanauma yote mawili?"

"Yote. Kama mtu amelima shamba lote ya jirani na hajalipwa."

"Na mkojo una rangi gani?"

"Agnes, ni Kwaresima."

"Figo hazijui ni Kwaresima. Rangi gani?"

Alichezea ncha ya leso. "Kama turungi."

Turungi, kwa wale mliokulia mjini na maziwa, ni chai nyeusi. Misuli ikivunjika sana, mabaki yake yanaingia kwenye damu, yanaenda kuziba figo, na mkojo unageuka rangi hiyo. Katika miaka yangu yote ya kaunta nilikuwa nimesoma juu ya jambo hilo na kulieleza kwa wengine. Sikuwahi kukaa nalo meza moja, tena kwenye uso wa rafiki.

Lakini kulikuwa na kitu hakikuniingia. Perpetua alikuwa ameitumia dawa ile miaka, na mapaja yalikuwa yakimuuma kidogo tu, akasema ni jembe. Kwa nini sasa? Nilimuuliza anatumia dawa gani nyingine. Hakuna. Nikakumbuka kwamba Kwaresima ilipokaribia alikuwa akikohoa hadi kwaya ilikuwa na wasiwasi. Nikamuuliza kile kikohozi kilienda wapi.

"Hicho kilipona. Nilipewa vidonge hapo Ruiru. Walisema hiki kifua chako ni kibaya, wakaniongeza zingine, bado nazimalizia."

Alinitolea pakiti kwenye kabati. Ilikuwa antibayotiki, dawa nzuri ya kifua, na moja ya zile ambazo hazipatani kabisa na dawa ya mafuta aliyokuwa akitumia yeye. Antibayotiki hiyo inalizuia ini lisiiondoe dawa ya mafuta mwilini. Unameza kidonge cha leo na cha jana bado kipo, cha juzi kipo, na misuli ndiyo inayoumia. Sikuwa na haja ya kitabu. Nilimwambia avae, tunaenda hospitali Thika, sasa hivi.

Akakataa.

Nilidhani ni gharama, au woga wa sindano. Nikaanza kumtuliza kuhusu hayo. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza, kisha akaniambia jambo ambalo kwa elimu yangu yote nisingelifikia.

"Hii uchungu si yangu. Tangu Jumatano ya Majivu nimeitoa kwa ajili ya Wangari."

Wangari ni binti yake wa pekee. Anafanya kazi ya nyumbani huko Gulf, Uarabuni. Kila mama aliye na mtoto huko anajua kulala macho wazi. Perpetua hakuwa na pesa ya kumrudisha wala namba ya mkubwa yeyote ya kupiga. Alikuwa na miguu inayouma, na ilipoanza kuuma aliona amepata kitu cha kutoa. Wangari alikuwa amepiga simu katikati ya Kwaresima akisema bosi mpya ni mpole, anamruhusu kulala. Mama akafunga hesabu: uchungu wangu unafanya kazi. Na sasa mimi nilikuwa nimekuja kuuondoa.

Vijana wangu, hakuna somo la jambo hilo katika chuo chenu. Mimi si padre. Siwezi kukuambia Mungu anapokea nini na hapokei nini. Ningeweza kumpa maneno makali ya figo, na nilikuwa nayo mdomoni, lakini mama anayelipia usalama wa mtoto wake hatishwi na figo. Ataziweka juu ya meza pia.

Mwishowe nilimuuliza, "Wangari akimaliza mkataba, nani atakwenda kumpokea pale uwanja wa ndege?"

"Mimi."

"Kwa miguu gani?"

Alivuta leso juu ya magoti.

"Umempa vya kutosha, Perpetua. Mbakishie mama."

Kisha akaniomba nimpe kitambaa kile cha maua, si hiki, maana huko Thika kuna watu. Nilimfunga mwenyewe kichwani, na nikiwa nyuma yake, ambapo hanioni, nililia kidogo.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, makini sana, na aliuliza vizuri kuliko nilivyowahi kuuliza mimi. Alimwambia Perpetua akunje mikono kifuani na ainuke kitini. Perpetua alimtazama kama mtu aliyeambiwa aruke. Walichukua damu kupima misuli na figo, wakasimamisha dawa ya mafuta na ile ya kifua, wakamwekea dripu, maji mengi, chupa baada ya chupa. Siku za kwanza nilikuwa nauliza rangi ya mkojo kabla sijamwamkia. Wauguzi walianza kunicheka. Rangi ilipauka, figo zikashikilia. Wangari alipopiga simu, mama yake alimwambia ana malaria kidogo tu, na mimi niliyekuwa kando nikanyamaza, kwa sababu si kila vita ni yangu.

Alipotoka hospitali nilikwenda Ruiru kumwona kijana aliyemuuzia dawa ya kifua. Nilikwenda na hasira, nikarudi bila hasira. Kijana alikuwa amemuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia, na Perpetua alikuwa amesema hapana, kama alivyoniambia mimi. Hakudanganya. Kwake dawa ni kitu cha mtu mgonjwa. Vile vidonge vya asubuhi na vya jioni vilishaacha kuwa dawa zamani, viko pamoja na sukari na majani chai, nilivyowaambia. Kwa hivyo mkiwa kwenye kaunta, msiulize mtu anatumia dawa gani. Muulize akiamka anameza nini. Muulize akienda kulala anameza nini. Na kama ana mwili wa kubeba mizigo ya miaka mingi, mwambieni akija tena aje na pakiti zote kwenye mfuko, mzitandaze juu ya kaunta, mziangalie pamoja. Foleni itanung'unika. Iacheni inung'unike.

Mnadhani hadithi imeisha. Mimi pia nilidhani.

Miguu ilirudi polepole, kwanza kitini, halafu chooni, na ile kamba ikatolewa mlangoni. Kisha yule daktari mdogo akasema ni wakati wa kuanza dawa nyingine ya mafuta, ya aina tofauti, kipimo kidogo, maana mishipa ya Perpetua haikuwa imesahau kiharusi. Perpetua akamsikiliza kwa heshima, akachukua karatasi, akaja nyumbani, akaniambia hatameza kitu kama hicho tena maishani mwake.

"Heri mdomo upinde."

"Utaimba na upande upi?" nikamwambia. Nilisema kwa ukali, na hasira yangu huwa haiji peke yake, inakuja na maneno mengi. Aliniambia niende nikachunge kuku. Jumapili alikaa benchi la upande wa pili.

Siku hizo nilizunguka ploti yangu nikibishana naye kichwani. Nilikuwa na hoja nzuri zote. Lakini nilipoacha kubishana niliona kwamba yeye pia alikuwa na haki. Alikuwa amemeza alichoambiwa ameze, na kilimwangusha mbele ya Mungu na kwaya. Kumwambia "hii nyingine ni salama" ilikuwa ni kumwahidi kitu nisichokijua. Watu wengi walioumizwa na aina moja huweza kutumia nyingine bila shida. Wengi si wote. Na anayemeza hajijui yuko upande gani mpaka ameze.

Nikachukua stuli yangu ya jikoni, nikaenda kwake.

"Sijakuja kukuambia haitakuuma," nikamwambia. "Sijui. Daktari hajui. Ninachojua ni kwamba mara ya kwanza ulikaa nayo peke yako. Sasa hutakaa peke yako. Kila asubuhi kabla ya chai, kaa hapa, kunja mikono, inuka. Halafu unipigie. Ukishindwa kuinuka, hatumezi siku hiyo na tunaenda Thika. Mkojo ukibadilika, vilevile. Na ukipewa dawa nyingine yoyote, hata ya minyoo, unanisomea jina."

"Na nikiinuka?"

"Unaniambia umeinuka. Ni hayo tu."

Aliitazama ile stuli. "Hii yako ni fupi. Unataka kunifelisha."

Ndivyo tulivyoanza. Asubuhi simu inaita, naipokea, sauti ya kwanza ya kwaya inasema, "Nimesimama," na inakata. Siku nyingine anaongeza kiburi: "Nimesimama na sufuria mkononi." Siku moja alisema, "Nimesimama, lakini paja inauma." Nikamuuliza ni moja au yote mawili. Moja. Jana ulifanya nini? Ng'ombe alikuwa amemvuta na kamba kwenye mtaro. Nikamwambia ampige ng'ombe simu. Kipimo cha damu alichofanyiwa Thika kilikuwa kizuri, misuli na mafuta yote mawili, na daktari akasema aendelee. Na tuliendelea, yeye na kidonge chake kidogo, mimi na simu yangu.

Nilidhani namsaidia yeye. Lakini mtu aliyestaafu huamka asubuhi akiwa hana foleni ya mtu yeyote, na ile simu ilikuwa foleni yangu.

Kisha ikaja asubuhi ambayo simu haikuita.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ya kwanza ya msimu. Nilipika chai, nikaimimina, nikaitazama. Nikampigia, hapatikani. Nikapiga tena. Nilijiambia stima imepotea, hana chaji. Nikajiambia amelala. Kisha nikaanza kujiambia yale mengine, ya mdomo, ya mwanamke sakafuni ambaye simu iko juu ya meza na mkono haufiki. Niliacha chai, nikavaa gambuti, nikatoka. Ni umri gani mtu anaacha kukimbia, sijui, lakini nilikuwa nimeupita, na nilikimbia kwenye tope hilo la Theta hadi kwake.

Mlango ulikuwa umefungwa. Niligonga, nikaita. Hakuna. Stuli ilikuwa nje chini ya paa, imekauka, hakuna mtu aliyeikalia.

Nilizunguka nyuma ya nyumba, na huko shambani nikamwona. Alikuwa ameinama, jembe kando, anatumbukiza maharagwe kwenye mashimo, mstari mrefu sana nyuma yake tayari umefunikwa. Aliposikia hatua zangu alinyooka mara moja, bila kushika kitu, mikono yote miwili imejaa mbegu.

"Mbona hujanipigia?" Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Kupiga nini?" Halafu akakumbuka. Akaangalia miguu yake kwenye tope, kama mtu anayeangalia wageni. "Ai, Agnes. Nimesahau."

"Umesahau simu."

"Hapana. Nimesahau miguu. Nimeamka nikasikia hii mvua, nikachukua jembe nikatoka. Haijanikujia kwa akili kama ziko na shida."

Nilimgombeza. Nilimwambia alivyokaribia kuniua kwa hofu, na chai yangu, na tope, na umri wangu, na mdomo wangu ukaendelea wenyewe huku machozi yananishuka, nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye kaunta yoyote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ile ile aliyompa daktari.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi shika mbegu. Hiyo mstari ya chini bado."